Yule Anayebaki Nyuma

Asubuhi ya siku aliyokufa Hariri nilikuwa nimewahesabu kondoo wangu mara mbili, na mara zote mbili walitimia saba. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilisimama mlangoni mwa banda, kikombe cha chai mkononi, wakawa wanatoka mmoja mmoja nami nahesabu. Saba. Nikaridhika, nikaenda shule. Saa nane mchana kijana anayenisaidia shambani akanipigia simu: "Mwalimu, yule wa kichwa cheusi ameanguka. Hainuki." Nilipofika nyumbani alikuwa ameshapoa.

Ilikuwa Mei 2017, masika yanaishia. Shamba letu liko pembeni mwa Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Ni ekari moja na robo: migomba, mahindi, maharage, na kipande cha majani bondeni ambako maji ya mvua hutuama. Mifugo hii haijawahi kuwa biashara, kwa maana chakula chetu kinatoka kwenye chaki. Nilikulia Pangani kwa bibi yangu mzaa mama, nyumba yenye mbuzi wanne na kuku wanaolala popote, na tangu nilipohamishiwa huku juu kikazi nilikuwa na hamu ya kuamshwa na sauti ya mnyama. Mume wangu alikubali kwa sharti kwamba mbolea yote iende kwenye migomba yake. Tukaenda mnada wa Meserani tukanunua majike watano wa Kimaasai, wale wekundu wa mkia mnono. Baadaye nikaongeza wawili chotara wa Dopa, weupe wa kichwa cheusi, wenye mapaja ya kupendeza. Hariri alikuwa mmoja wao, na yeye ndiye niliyemlipia bei kubwa kuliko wote.

Bibi alikuwa na methali aliyotuambia kila tulipolia kwa sindano au kwa mwiba unaotolewa mguuni: kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Mbuzi akishikwa tu analia mpaka mtaa wa pili, lakini kondoo hulazwa chini akanyamaza. Niliipenda methali hiyo utoto wangu wote. Nimewalea wanangu nayo. Lakini tangu nianze kufuga nimegombana nayo sana, kwa sababu uungwana huo wa kondoo ndio unaomuua. Ni mnyama wa kuwindwa, na katika kundi anayechechemea ndiye anayechaguliwa na fisi, kwa hiyo ameumbwa kuficha. Ataumwa wiki tatu akitembea, akiinamisha kichwa kama anakula, akicheua kidogo mbele yako. Siku anayolala chini mchana wa jua, wewe unasema ameugua leo, kumbe leo amemaliza nguvu za kukuficha.

Jioni ile alikuja jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, bibi wa Kiarusha ambaye mtaa mzima tunamwita Koko. Aliniamkia "Takwenya," nikaitikia "Iko," akapita moja kwa moja mpaka alipolala Hariri. Hakuniuliza alikula nini. Alichuchumaa, akashusha kope ya chini kwa kidole gumba, akaniita nitazame. Ndani ya kope palipaswa kuwa pekundu. Palikuwa peupe kama karatasi. Akanishika mkono akaupeleka chini ya taya, nikagusa uvimbe laini, kama mfuko wa maji. Uvimbe huo nilikuwa nimeuona siku nne nzima nikadhani ananenepa.

"Mwalimu," akasema, "mara ya mwisho ulimwona lini huyu akiwa mbele?"

Nilifungua mdomo sikupata cha kujibu. Nilijua wametoka saba, lakini nani alitangulia na nani alifuata, hilo sikulijua hata kwa siku moja.

Bwana mifugo wa kata alipofika alimpasua, akafungua tumbo la nne, akamwagia maji kidogo. Humo ndani mlikuwa na minyoo inayojinyonga, myembamba kama uzi wa kushonea, urefu wa sentimita mbili au tatu, na ukisogeza uso unaona mstari mwekundu na mweupe umesokotwa pamoja. Wekundu ni damu ya kondoo iliyomo ndani ya utumbo wa mnyoo. Alinieleza kwamba kila mnyoo hunyonya kama mililita 0.05 kwa siku, na tumbo lile halikosi minyoo 1,000. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa nimesimama hapo hapo, maana ndiyo lugha yangu: mililita 50 kwa siku, 350 kwa wiki. Chupa nzima ya soda, ya damu, kutoka kwa mnyama wa kilo 30 ambaye mwili wake wote una damu ya lita mbili hivi.

Niseme kidogo jinsi minyoo hii inavyofika, maana nilipoelewa njia yake nilibadilisha mambo mengi kuliko nilipojua jina la dawa. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, nayo hutoka na kinyesi. Kukiwa na joto na unyevu, kwa wiki moja hivi mayai yanakuwa viluwiluwi vidogo visivyoonekana kwa macho, na vile viluwiluwi hupanda jani kwa umande wa asubuhi, vikakaa zile sentimita chache za chini vikisubiri mdomo. Kondoo hula akiwa ameinamia ardhi, tena hukata majani karibu kabisa na udongo. Mimi nilikuwa nikiwafungulia saa kumi na mbili alfajiri ili niwahi shule, na nikiwapeleka bondeni palepale penye maji kila siku kwa sababu ndipo penye majani mabichi. Hata mtu aliyetaka kuwaua kwa makusudi asingepanga vizuri zaidi.

Sasa hawatoki mpaka umande umekauka, saa tatu au nne kutegemea msimu. Wakiwa ndani wanakula matete yaliyokatwa jana na majani ya mti wa lusina, juu ya hori, si chini. Bonde nimeligawa vipande vinne kwa miti na seng'enge, na kipande kilicholiwa kinapumzika muda mrefu kabla hawajarudi. Masika bondeni hawaendi kabisa.

Koko ndiye aliyenifundisha kope, na nimekuja kujua baadaye kwamba Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano, kutoka nyekundu mpaka nyeupe, kwa ajili ya kazi hiyohiyo. Bwana mifugo alinipa nakala yake. Kila Jumamosi tunawaingiza kwenye kona ya banda, namshika mmoja, nasukuma kope ya juu taratibu, nashusha ya chini, natazama upande wa ndani kwenye mwanga wa jua. Ni kufumba na kufumbua. Ukishika muda mrefu panakuwa pekundu kwa kusuguliwa, na hapo unajidanganya. Mwenye rangi ya nne au ya tano anapewa dawa siku hiyohiyo. Wa tatu namwangalia, akiwa na mimba au ananyonyesha simsubirishi. Waliobaki siwapi kitu.

Hilo la kutowapa wote lilinichukua muda kulikubali. Zamani nilikuwa nikinunua chupa ya dawa nyeupe ya kunywesha, natia mdomo kwa mdomo, wote sawa, kila miezi mitatu, na nilijiona mfugaji makini. Lakini kila ukinywesha kundi zima, minyoo inayosalimika ni ile iliyoishinda dawa, na hiyo ndiyo itakayozaa peke yake kwenye majani yako. Na kosa la pili lilikuwa la kipimo. Nilikadiria uzito kwa macho, na macho yangu yalikuwa ya huruma, nikawa nawapunja. Jirani mwenye kahawa aliniazima mizani yake ya kuning'iniza, tukamfunga jike mmoja kwa kanga mbili tukampima. Nilimdhania kilo 26. Alikuwa na 37.

Yule Dopa wa pili naye hakudumu. Kila masika kope zilipauka wakati wale wekundu wa Kimaasai, wanaokula naye kipande kimoja, wakiwa na macho kama pilipili. Dopa ni kondoo mzuri, alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na yule kondoo wa Kiajemi wa kichwa cheusi, ili aote nyama haraka kwenye nchi kavu. Nchi kavu, si bonde langu. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwalinganisha hawa wawili pwani ya Kenya miaka ya 1990, na penye unyevu mwekundu wa Kimaasai akaonekana kuihimili minyoo vizuri zaidi. Wafugaji wa Kimaasai hawakusubiri utafiti huo, walikuwa naye tangu mababu. Inaniuma ninapoona minadani siku hizi jinsi ilivyo shida kumpata mwekundu asiyechanganywa. Kila mtu anataka mapaja, kama nilivyotaka mimi.

Koko hahesabu. Kwake kuhesabu mifugo kwa namba ni kuita mkosi, na mwanzoni nililichukulia kama mambo ya wazee. Halafu nikamtazama anavyofanya. Wanapoingia zizini jioni yeye anakaa kwenye kigoda pembeni mwa mlango, fimbo magotini, anaongea na wajukuu, na huwezi kujua kama anatazama. Lakini mnyama asiporudi anasema mara moja: "Yule wa sikio lililopasuka yuko wapi?" Si "mmoja amepungua." Anamjua aliyepungua. Na zaidi ya hapo anajua nani amekuja wa mwisho ilhali jana alikuwa katikati, nani hakumsukuma mwenzake mlangoni, nani mwanawe ananyonya kwa kupiga kiwele sana, maana yake maziwa hayatoshi. Mimi nilikuwa na namba sahihi na mnyama anayekufa ndani ya namba hiyo.

Nilianza kujifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilinunua daftari nikaandika majina, na pembeni ya kila jina mpangilio wa kutoka asubuhi. Madoa ndiye wa kwanza siku zote. Tausi wa pili. Bahasha, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya pembetatu nyeupe mgongoni, yuko katikati. Mwezi wa kwanza niliandika tu bila kuelewa. Mwezi wa tatu niliona Tausi ametoka wa tano siku mbili mfululizo, nikamshika miguu, nikakuta kwato ya nyuma imekua ikajikunja na ndani kumeoza na kunuka. Hakuwa amechechemea hata kidogo, au kama alichechemea sikuwa na macho ya kuliona. Tulikata kwato kwa kisu kikali, tukasafisha, tukampaka dawa, tukamweka pakavu. Wiki ya pili akarudi nafasi yake. Furaha niliyoipata siku hiyo mbele ya mlango wa banda sijui nimweleze nani akaielewa.

Wanyama wengine nawapitia kwa haraka, si kwamba siwapendi. Mbuzi wangu ni wawili na kwao sihitaji daftari. Maji yakichelewa dakika tano wanatangaza, na isitoshe wanapenda kula juu, kwenye lusina na ua, kwa hiyo minyoo ya chini haiwapati kirahisi maadamu una vichaka. Punda ni mmoja, wa kubeba maji na mabua, na kwa kuwa hana punda mwenzake ameamua kuwa kondoo. Analala mlangoni pao, na mbwa wazururaji wakikaribia usiku hupiga kelele inayoamsha kata. Kuku walinifunza kwa maumivu. Mwaka 2018 kideri kiliingia wiki ya baridi, nikapoteza 23 kati ya 31 ndani ya siku sita, na nilikuwa nimeambiwa kuhusu chanjo nikasema nitanunua mwisho wa mwezi. Ni tone moja la jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Nawachanja usiku wakiwa wametulia kwenye dari lao, mwanangu anashika tochi, mimi nashika kuku, na tone likishaingia nasubiri apepese jicho ndipo namwachia.

Jambo moja la dukani, kwa sababu lingeweza kuniulia kundi zima. Nilikwenda kununua chumvi ya kulamba, nikaambiwa jiwe ni jiwe, la ng'ombe linafaa wote. Nililining'iniza bandani siku mbili, bwana mifugo akapita kwa shughuli nyingine, akasoma karatasi yake, akalitoa yeye mwenyewe kabla hata hajaniamkia. Yale ya ng'ombe mara nyingi yametiwa shaba, na ini la kondoo hulimbikiza shaba kimyakimya kuliko la ng'ombe au mbuzi, mpaka siku moja linaiachia yote kwenye damu na mnyama anakufa na mkojo mwekundu. Tena kimya. Sasa nasoma kila mfuko, na kama haujaandikwa kondoo hauingii kwangu.

Usiku nitakaoukumbuka ni wa Julai 2020. Julai huku ni baridi inayouma masikio, ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka huoni migomba. Tausi alikuwa na mimba, na kwa daftari langu siku 148 zilikuwa zimepita tangu apandwe, nami nilijua kondoo hubeba miezi mitano kasoro siku chache. Jioni alitoka kundini akaenda kukwaruza kona kwa mguu, akalala, akainuka, akazunguka. Saa nne usiku chupa ikapasuka. Saa tano kilikuwa kimetokeza kikwato kimoja na pua. Kimoja.

Mwanakondoo hutakiwa kuja kama mtu anayepiga mbizi, miguu miwili ya mbele imenyooka na pua juu yake. Nilimpigia bwana mifugo, simu haikupatikana. Nikamtuma kijana ng'ambo ya mfereji, Koko akaja amejifunga shuka mbili na taa mkononi, akatazama, akaniambia vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, mkono mdogo ni wangu. Nikakata kucha. Nikanawa kwa sabuni mpaka kiwiko, nikajipaka mafuta ya kupikia. Koko alikaa kichwani mwa Tausi akiongea naye Kimaasai kwa sauti ya chini, na kwangu Kiswahili cha amri.

"Usivute. Kwanza mrudishe."

Akili yote inakuambia vuta, na yeye ananiambia sukuma. Nilisubiri uchungu upite, nikaweka kiganja kwenye paji la mtoto nikamrudisha ndani polepole, mpaka nikapata nafasi ya kupitisha vidole shingoni, kisha bega, kisha goti lililokunjika kuelekea nyuma. Kulikuwa na joto kali na kubana kiasi kwamba vidole viliingia ganzi. Nikaufuata mguu mpaka chini, nikakifunika kikwato kwa kiganja changu kisimchane mama, nikakileta mbele. Nilisikia kitu kikinyooka. Uchungu uliofuata akatoka wote kwa mkupuo mmoja, mweusi wa majimaji, amelala juu ya majani na hapumui.

Koko alichukua jani kavu akamchokonoa puani. Hakuna. Akampangusa pua na mdomo kwa shuka yake, akamsugua mbavu kwa nguvu ambayo nilidhani atamvunja, akamchokonoa tena. Mtoto akapiga chafya. Sijawahi kusikia sauti ndogo kama ile ikijaza chumba.

Kumbe walikuwa wawili. Wa pili alikuja mwenyewe baada ya robo saa, mdogo, na Tausi akamkataa. Alimlamba wa kwanza, wa pili akampiga kichwa. Koko akaomba chumvi jikoni, akainyunyiza kidogo juu ya mgongo uliolowa, akampaka na ule ute wa ndugu yake, akamsogeza mdomoni mwa mama. Tausi alinusa, akalamba chumvi, akaendelea kulamba hata chumvi ilipokwisha. Tulipaka vitovu vyao iodini. Nikamkamua mama dang'a, yale maziwa ya kwanza, njano na nzito kama uji wa mtoto, nikamnywesha yule mdogo kwa chupa akiwa amesimama, kwa sababu akilala chali maziwa huingia mapafuni. Dang'a haisubiri asubuhi. Kinga yote ya mtoto imo humo, na saa chache za kwanza zikipita utumbo wake unaacha kuipokea. Saa tisa usiku mdogo alitikisa mkia akinyonya mwenyewe. Tulikunywa chai ya tangawizi palepale bandani, Koko na mimi, tukiwa tumekalia gunia la pumba, na hakuna aliyesema neno.

Yule mdogo ndiye Kisogo. Ninamtaja kwa sababu ya lililompata, na hili nililisababisha mimi.

Tulikuwa na mbwa wa kulinda, na nilikuwa nikimnunulia vichwa vibichi vya kondoo machinjioni, kwa kuwa ni rahisi na aliking'ang'ania kila kimoja kwa furaha. Mwaka 2021, baada ya masika, Kisogo akaanza kubaki nyuma. Daftari lilinionyesha mapema, nakiri, lakini kope zake zilikuwa nyekundu, kwato safi, anakula. Nikaandika "wa mwisho, mzima" wiki mbili mfululizo. Wiki ya tatu nilimwona amesimama peke yake bondeni, kichwa kimeinama upande wa kushoto, anatembea duara. Duara lilelile, mpaka majani yakalala kama yaliyokanyagwa na ng'ombe wa kukamulia mafuta. Niliita jina lake, akasimama, akatega sikio, akaendelea kuzunguka.

Koko alimgusa fuvu kwa ncha ya kidole, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta papai lililoiva. Nyuma kidogo ya jicho la kushoto akabonyeza, akanipa kidole changu nibonyeze. Mfupa ulikuwa umelainika.

"Ormilo," akasema.

Wafugaji wote kuanzia hapa mpaka Simanjiro na Ngorongoro wanalijua neno hilo, jina la ugonjwa huu wa kuzunguka. Tulimchinja, maana hakuna kilichobaki cha kumfanyia zaidi ya kumpunguzia mateso, na bwana mifugo akapasua fuvu. Ndani ya ubongo mlikuwa na mfuko wa maji ukubwa wa yai la kuku, ngozi yake nyembamba inapitisha mwanga, na kwa ndani vijidoa vyeupe vimejipanga makundi makundi kama chenga za mchele. Kila kidoa ni kichwa cha tegu. Mbwa akila ubongo ule mbichi, tegu wanakua tumboni mwake, na baada ya wiki sita hivi anaanza kumwaga mayai kwenye majani. Kondoo anakula majani, kijidudu kinasafiri kwa damu mpaka ubongoni, kinajenga mfuko wake taratibu miezi kadhaa. Nilikuwa nimesimama pale na kumbukumbu ya kila kichwa nilichomtupia mbwa, na mkia wake unavyotikisika.

Kile kichwa tulikichoma mpaka majivu. Mbwa anapewa dawa ya minyoo ya tegu kila wiki ya sita, imeandikwa kwenye kalenda ya jikoni pamoja na siku za kulipa umeme. Hali kichwa kibichi tena, wala hazururi kwenye majani ya kondoo. Nimekwenda nyumba kwa nyumba mtaani kueleza jambo hili, na shuleni naliingiza kwenye mazoezi ya hesabu, watoto wakapeleka habari makwao. Wapo wanaosema mwalimu amezidi. Naomba waendelee kusema, mradi vichwa vichomwe.

Leo nina kumi na mmoja. Koko macho yamempungukia. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, anaona mwanga na vivuli, anasubiri zamu yake ya upasuaji. Hawezi kuja tena ng'ambo ya mfereji peke yake, kwa hiyo mimi ndiye ninayewapitisha kondoo kwake jioni, wakati wa kurudi. Anakaa kwenye kigoda kilekile.

"Wamerudije?"

Siku ya kwanza nilijibu bila kufikiri, "Kumi na mmoja, Koko, wametimia." Alinyamaza, ameinua uso, akisubiri nijibu alichouliza. Tangu hapo namsomea. Madoa yuko mbele, tumbo limejaa. Tausi anafuata, amezeeka, ila anasukuma. Yule mtoto wa Bahasha anapiga kiwele sana tangu jana. Yeye anatikisa kichwa, pengine anauliza sikio, pengine sufu ya mkia.

Jana aliniuliza, "Na wa nyuma leo ni nani?"

"Bahasha, Koko."

"Mlete."

Nilimleta. Alimpapasa chini ya taya, akapitisha kiganja mgongoni akihesabu mifupa kwa vidole, akambonyeza fuvu nyuma ya macho, kushoto, kulia. Kisha akashusha kope kwa kidole gumba, uso wake ameugeuzia upande wa jua ambalo halioni vizuri, akaniuliza:

"Rangi gani?"

Niliinama nikatazama mara mbili.

"Nyekundu, Koko."

Akamwachia.